Masisi na Walikale: juu ya nini taarifa ya ugonjwa iliyoingizwa leo haionekani leo leo?

Muuguzi ameshatuma ripoti. Mtu wa data ameshaiingiza katika ordinatere. Lakini asubuhi, katika mkutano wa zone ya afya, grafiki inabaki tupu. Wengine wanasema ripoti haikufika. Wengine wanaelewa vibaya kabisa: eti hakuna mgonjwa. Mara nyingi shida si ya muuguzi. Ni namna mashine inavyohesabu.

Zone nane, hesabu moja

Teritware ya Masisi iko na zone nne za afya: Masisi, Kirotshe, Mweso na Katoyi. Walikale pia iko na nne: Walikale, Pinga, Kibua na Itebero. Taarifa zao zinaingia katika mfumo wa taifa wa taarifa za afya, SNIS, wenye kutumia programu inayoitwa DHIS2. Programu hiyo inasimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, na haiuzwi. Inatumika katika inchi zaidi ya 70.

Sasa fikiria nyumba yenye watoto watatu. Mmoja anataka maji ya kupika, mwingine ya kufua, mwingine ya kuoga. Kama kila mmoja anashuka kwenye chemchem peke yake, njia ile ile inatembewa mara tatu. Mama mwenye akili anajaza bidon kubwa mara moja, kila mtu anachota pale.

Mashine ni vile vile. Daktari mkuu wa zone anaomba hesabu ya malaria, Goma inaomba, Kinshasa inaomba. Kama kila ombi linarudia kusoma ripoti zote toka mwanzo, kazi inakuwa nzito, na rezo yetu ya shida inafanya kungojea kuwe kurefu zaidi. Ndiyo maana DHIS2 inafanya hesabu mara moja, kwa kawaida usiku, na kuiweka katika tablo za pembeni. Grafiki zote zinachota humo.

Faida ni haraka. Bei yake ni hii: maji ya bidon ni ya jana. Kile kilichoingizwa saa nne asubuhi kinaweza kuonekana kesho tu, isipokuwa msimamizi wa mfumo ameanzisha hesabu mpya.

Na katika Excel?

Katika ofisi nyingi watu wanatumia Power Query ndani ya Excel. Unatengeneza orodha moja safi ya wagonjwa, halafu maswali matatu yanaitegemea: malaria, surua, utapiamlo. Wengi wanafikiri orodha ile inasomwa mara moja. Hapana. Kila swali linaweza kurudi kwenye faili la mwanzo na kusafisha upya, kazi moja mara tatu. Kwa faili kubwa, ordinatere inakwama na batri inaisha.

Dawa ni mbili:

- Weka orodha safi kama tablo katika ukurasa wa Excel, maswali mengine yasome pale. Lakini heshimu mpangilio: kwanza amsha orodha, ikiisha ndipo amsha maswali. Ukiamsha yote pamoja, unaweza kupata hesabu ya zamani.
- Kama unataka jumla tu, tengeneza TCD zako zote juu ya tablo moja, bila kuongeza maswali.

Ya kukumbuka

Ukikuta grafiki tupu, usiingize ripoti mara ya pili. Fungua kwanza ukurasa wa kuingiza data: pale namba inaonekana mara tu ikishapokelewa. Kama iko, ngojea hesabu mpya. Kama haiko, pigia kituo cha afya simu.

Kila ripoti ichapwe na tarehe na saa ya hesabu ya mwisho. Bila hiyo, mkutano hauwezi kujua kama unaangalia ya leo ao ya jana.

Na kwa kolera, usingojee grafiki hata kidogo. Mgonjwa anayeshukiwa anatangazwa kwa simu siku ile ile. Hesabu inaweza kulala usiku mmoja, kolera hailali.