Mikono Inayotia Mbegu: Wanawake wa Nyanda za Juu za Pisac

Juu ya mji wa Pisac, katika mkoa wa Cusco nchini Peru, jumuiya za wakulima wa Kiquechua ziliunganisha ardhi zao, zaidi ya hekta 9,000, zikaiita Parque de la Papa, yaani Hifadhi ya Viazi. Mashamba ya juu kabisa yanapita mita 4,000. Mahindi hayafiki huko. Viazi hufika, tena vya kila rangi na umbo.

Kazi ya kuvipanda ina mgawanyo wa kale. Mwanamume hukanyaga chakitaqlla, jembe la mguu, na kuinua udongo. Mwanamke huinama na kutia mbegu. Wenyeji husema ardhi, Pachamama, ni mama, hivyo mbegu hupokelewa vema ikitoka mkononi mwa mwanamke. Guaman Poma de Ayala, mwandishi wa asili ya Andes, aliuchora mgawanyo huu huu katika kitabu alichokimaliza mnamo 1615, kwenye picha ya mwezi wa Desemba. Hati hiyo ilisahaulika mpaka Richard Pietschmann alipoikuta Copenhagen mwaka 1908. Himaya ya Inka ilianguka, makabaila wa Kihispania wakaja na wakaondoka, lakini mpangilio wa shambani ulibaki.

Kazi ya mbegu yenyewe huanza mapema. Baada ya mavuno ni wanawake hasa wanaokaa na lundo la viazi na kuvitenga: hivi vya kupika, hivi vya kubadilishana sokoni, hivi vya kugandishwa na baridi ya usiku wa Juni, kukamuliwa kwa miguu na kukaushwa juani hadi viwe chuño, chakula kinachodumu miaka. Vya mbegu huhifadhiwa peke yake. Mama anayetenga lazima ajue kipi huhimili sakitu, kipi huoza upesi, kipi kinafaa shamba la mteremko gani. Kipo kiazi chenye vifundo vingi ambacho, kwa desturi, bibi arusi hupewa akimenye mbele ya mama mkwe. Wageni huicheka desturi hiyo. Mimi naiona kama mtihani wa kweli wa elimu ambayo haikuandikwa popote.

Elimu hiyo pia husafiri. Katika soko la kubadilishana bidhaa la bonde la Lares, akina mama wa nyanda za juu hutoa viazi na kupokea mahindi na matunda ya mabondeni, bila fedha. Mbegu mpya na habari zake huingia kwa njia hiyo.

Ndiyo maana mkataba wa 2004 wa kurudisha mbegu kati ya jumuiya hizo na Kituo cha Kimataifa cha Viazi cha Lima ulikuwa na uzito. Kituo kilikuwa na aina nyingi zilizokusanywa vijijini miaka ya nyuma, na baadhi zilikuwa zimetoweka mashambani. Zaidi ya 400 zimerudishwa. Maabara iliweza kusafisha virusi kwenye mbegu. Kujua kila aina ipandwe wapi na ipikwe vipi kulihitaji watu wa Pisac.

Hata hivyo, nasikitika ninaposoma maandishi yanayousifu mgawanyo huu wa kazi kana kwamba ni usawa. Mageuzi ya ardhi ya 1969 yaliwang'oa makabaila, lakini orodha za wanajumuiya ziliandikwa kwa jina la mkuu wa kaya, aghalabu mwanamume, na huyo ndiye aliyepiga kura mkutanoni. Wanaume walijifunza Kihispania jeshini na vibaruani. Wake zao, wengi wakizungumza Kiquechua pekee, walipitwa na maofisa wa kilimo waliokuja kufundisha mbegu za kisasa. Aliyeijua mbegu hakuulizwa.

Mwaka 2019 Peru ilipitisha sheria inayotaka wanawake wawe angalau asilimia 30 ya viongozi wa jumuiya za wakulima. Sauti yao inahitajika sasa: joto linapanda, na wakulima wa Pisac wanasogeza viazi juu zaidi mlimani. Ardhi ya juu ni ya pamoja, na mkutano ndio unaoamua sehemu ipi ilimwe na ipi ipumzike.