Kizizi kikibaki kitupu: namna ya kukigeuza nyumba ya njiwa

Katika teritware ya Masisi, vita vimemaliza mifugo ya familia nyingi. Kuna ngombe na mbuzi walioibiwa, na wengine waliuzwa mbio-mbio kwa bei ya chini wakati wa kukimbia. Lushebere, karibu na Masisi-centre, imepokea wakimbizi wa ndani kwa miaka mingi, na wenyeji wake pia wameonja kukimbia. Ndiyo maana ndani ya lupango nyingi kunabaki kizizi kisicho na mnyama.

Njiwa hawezi kulipa kama mbuzi. Lakini jozi 3 au 4 zinaomba pesa kidogo, na miti ya kizizi imesha kusimama. Shida ni kwamba kizizi kilijengwa kwa mnyama anayelala chini. Njiwa anataka kulala juu, pakavu, mbali na panya.

Kusafisha kwanza

Samadi yote inatolewa na kupelekwa shambani. Chini panamwagwa majivu au chokaa, kisha kizizi kinaachwa wazi kikauke wiki moja au mbili. Miti iliyooza inabadilishwa. Katika milima ya Masisi mvua na baridi ni nyingi, kwa hiyo paa lisivuje hata kidogo. Upande wa upepo unazibwa kwa mbao au udongo, na upande wa jua la asubuhi unaachwa na wavu.

Kuinua na kuziba

Sakafu ya mbao inawekwa karibu mita 1 juu ya ardhi. Kila nguzo inavikwa kipande cha bati laini ili panya na nyoka wasipande. Tundu lolote linalopitisha kidole gumba linazibwa, kwani panya hula mayai na makinda usiku. Mlango wa njiwa, wa sentimita 15 kwa 15, unafungwa kila jioni juu ya paka na kicheche.

Viota viwili kwa kila jozi

Kiota ni sanduku la sentimita 30 kila upande, lenye majani makavu ndani. Kila jozi inahitaji viota viwili, maana mama anaweza kutaga tena wakati makinda ya kwanza hayajatoka. Anataga mayai 2, na dume na jike wanayalalia kwa zamu siku 17 au 18. Makinda yanafaa kuliwa au kuuzwa yakiwa na wiki 4 hivi, mbele ya kuanza kuruka.

Kuwazoesha

Hapa ndipo wengi wanapoteza pesa. Njiwa mkubwa aliyenunuliwa kwa jirani akifunguliwa haraka, anarudi kwa jirani. Ni vizuri kununua wadogo ambao hawajaanza kuruka nje, na kuwafunga ndani wiki 4 wakiona mazingira kupitia wavu. Siku ya kwanza wanafunguliwa jioni, wakiwa na njaa, ili warudi kula.

Chakula na majirani

Njiwa mmoja anakula gramu 30 hadi 50 za nafaka kwa siku. Jozi 4 zinaweza kufika kilo 10 kwa mwezi, yaani mahindi au mtama ambao familia nayo inauhitaji. Wakitoka nje wanajitafutia sehemu ya chakula, ila wakati wa kupanda wanaokota mbegu za watu. Kuwafunga siku hizo kunazuia ugomvi. Maji safi, mchanga na maganda ya mayai yaliyosagwa visikosekane.

Magonjwa

Njiwa wapya wanatengwa wiki 2. Newcastle, ugonjwa unaomaliza kuku kijijini, unashika njiwa pia. Shingo ikipinda au wakifa kwa mfululizo, aitwe veterineri, na wasipelekwe sokoni. Mavi yanalowanishwa mbele ya kufagia, na mwenye kufagia afunike pua, maana vumbi lake linaharibu mapafu. Mavi hayo ni mbolea yenye nguvu. Huko Misri, watu walijenga minara ya udongo tangu zamani kwa ajili ya nyama na mbolea hiyo.

Familia ikilazimika kukimbia, makinda yanaingia ndani ya kitunga. Wakubwa wanaachiwa mlango wazi: hawatafuata watu, watabaki kuzunguka nyumba yao.