Karani wa Benki na Shajara ya Vita: Fundisho Juu ya Ushuhuda

Tunapomshukuru Mungu kwa miaka mia moja ya usharika wetu, hatuwezi kuiruka Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Misheni ya Bethel ilikuwa imekwisha kuanza kazi Tanga mwaka 1890 na Mlalo mwaka 1891, vita ilipobisha hodi. Kuanzia tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914, Waingereza walishusha Tanga jeshi la watu wapatao 8,000, nalo likashindwa na askari wapatao 1,000 wa Paul von Lettow-Vorbeck. Kila atafutaye habari za siku zile hukutana na shajara ya afisa mmoja wa upelelezi wa jeshi hilo, Richard Meinertzhagen. Yafaa tumfahamu, kwa kuwa maisha yake yanamwonya kila aandikaye historia, nasi tukiwamo.

Alizaliwa London mwaka 1878 katika ukoo wa wenye benki. Alipokuwa kijana alipelekwa Ujerumani, katika miji ya Cologne na Bremen, ajifunze kazi ya benki, kisha akawa karani katika benki ya jamaa zake. Kazi hiyo hakuipenda. Mwaka 1897 alijiunga na kikosi cha farasi cha askari wa kujitolea wa Hampshire, na mwaka 1899 akapewa cheo cha afisa katika jeshi la kudumu. Mwaka 1902 alihamia Kenya katika jeshi la King's African Rifles.

Huko, tarehe 19 Oktoba 1905, alimwua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, katika mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Yeye alidai kwamba alijihami, na mabaraza ya kijeshi yakamwondolea lawama. Hata hivyo aliondolewa Kenya. Wanandi wameendelea kusimulia kwamba kiongozi wao alisalitiwa.

Baada ya Tanga alipelekwa Palestina. Mwezi Oktoba 1917, kabla ya wapanda farasi wa Australia kuishambulia Beersheba, afisa mmoja Mwingereza alikwenda kwa farasi karibu na safu za Waturuki, akaangusha kwa makusudi mfuko wenye hati za uongo ili kuwapoteza adui. Kwa miaka mingi Meinertzhagen alisifiwa kuwa ndiye aliyebuni na kutekeleza hila hiyo. Watafiti wa siku hizi wamethibitisha kwamba wazo lilikuwa la mwingine, na aliyepanda farasi alikuwa mwingine pia.

Shajara zake zilichapishwa mwaka 1957 na 1960, akasadikiwa na wengi. Alifariki mwaka 1967 akiwa na heshima kubwa, hasa kama mtaalamu wa ndege. Lakini katika miaka ya 1990, Pamela Rasmussen na Robert Prys-Jones walichunguza ndege wakavu aliowakabidhi jumba la makumbusho la Uingereza, wakagundua kwamba wengi waliibwa katika makusanyo ya watu wengine na kuandikiwa vibandiko vipya. Bundi mmoja wa India, aliyedai kumpata mwaka 1914, alikuwa amekusanywa na mtu mwingine katika karne ya 19. Kwa sababu ya kibandiko hicho watu walimtafuta bundi huyo mahali pasipo pake. Kibandiko kilipowekwa kando, alionekana tena akiwa hai mwaka 1997.

Ndugu msomaji, huo ndio uharibifu wa ushuhuda wa uongo: huwapeleka wanaokuja nyuma mahali ambapo kweli haipo. Karani wa benki hafungi daftari lake jioni mpaka hesabu zilingane. Meinertzhagen aliikimbia nidhamu hiyo, na hesabu yake ikakaguliwa akiwa kaburini.

Aidha, tukumbuke ni nani aliyekuwa na kalamu. Katika vita ile wapagazi Waafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, kuhara na uchovu, na walio wengi hawakuacha hata ukurasa mmoja. Afisa mmoja aliandika, akaaminiwa. Wao walinyamaza, wakasahauliwa.

Kwa hiyo, katika kuandaa kitabu hiki, tulilinganisha masimulizi ya wazee na vitabu vya ubatizo na vya mazishi. Palikuwa na habari iliyopendwa sana, kwamba kengele yetu ya kwanza ilifukiwa ardhini ili askari wasiichukue. Daftari la hazina laonyesha kwamba ilinunuliwa vita ilipokwisha. Tumeiacha habari hiyo, ingawa baadhi yetu tuliumia. Mahali pake tumechapa majina ya wapagazi wa usharika huu ambao hawakurudi, kama wainjilisti wetu walivyoyaandika.

Amri ya nane tuliyofundishwa katika Katekisimo haimhusu jirani aliye hai peke yake. Waliolala nao ni jirani zetu. Mungu atujalie tuwashuhudie kwa kweli.