Magofu ya Kunduchi: Msikiti na Makaburi ya Mawe

Kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, wilayani Kinondoni, zimesimama kuta za msikiti uliojengwa yapata miaka 500 iliyopita. Kunduchi ilikuwa na wakazi na wafanyabiashara wake karne kadhaa kabla Sultani Majid wa Zanzibar hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860.

Mawe ya msikiti huu asili yake ni bahari. Kwa kazi za nakshi, kama mihrabu na miimo ya milango, mafundi wa pwani walikata matumbawe mabichi, ambayo huchongeka kwa urahisi na kushupaa yakikauka. Kuta zilijengwa kwa matumbawe ya kale yaliyochimbwa nchi kavu, yakashikanishwa kwa chokaa iliyochomwa juu ya rundo la magogo.

Mihrabu inaelekea kaskazini, iliko Makka.

Nje ya msikiti kuna makaburi, mengi yakiwa ya karne ya 18. Baadhi yana nguzo ndefu, mtindo ambao ni fahari ya Waswahili tangu Somalia hadi kusini mwa Tanzania. Mashimo ya mviringo kwenye nguzo ndipo zilipopachikwa bakuli na sahani za kauri kutoka China, ishara ya utajiri wa marehemu na ya biashara iliyovuka Bahari ya Hindi kwa upepo wa kaskazi na kusi.

Magofu yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Wageni wanaombwa wasipande kuta wala kuokota vigae.