Nuru ya Machweo na Vumbi la Bomu

Mwezi wa Agosti 1883 mlima Krakatoa, baina ya Java na Sumatra, ulipasuka, na vumbi lake likapanda juu kupita mawingu. Tarehe 5 Septemba Mchungaji Sereno Bishop, aliyekaa Honolulu, aliona duara la ajabu limelizunguka jua. Kufika Novemba machweo ya Marekani yalikuwa mekundu hata wazima-moto wakaitwa kuzima moto usiokuwapo.

Sababu yake yajulikana. Chembe za hewa, kama Lord Rayleigh alivyoeleza mwaka 1871, hutawanya nuru ya samawati kuliko nyekundu. Vumbi, kwa kuwa chembe zake ni kubwa zaidi, hutawanya kwa namna nyingine. Tena jua likisha kuchwa, kivuli cha dunia hupanda angani polepole. Mwenye kuipima nuru dakika kwa dakika huweza kukadiria vumbi limekaa kimo gani.

Basi bomu la nyuklia nalo hurusha vumbi. Je, machweo hayangeweza kumfichua mwenye kulilipua kwa siri? Wazo hili lavutia, lakini mwezi wa Septemba 1950 ulionyesha udhaifu wake. Jua lilionekana la samawati huko Scotland, na katika Amerika ya Kaskazini mchana ulitiwa giza. Wako waliodhani ni vita vya atomiki. Robert Wilson, mtaalamu wa nyota wa Edinburgh, akaipima nuru ile tarehe 26. Kumbe ulikuwa moshi wa misitu iliyoungua Alberta, Kanada!

Nuru hutuambia kwamba vumbi lipo; haisemi ni la nani. Bomu la kwanza la Warusi, lililolipuliwa 29 Agosti 1949, lilifichuliwa kwa njia isiyo na uzuri wowote wa kutazamwa: ndege ya Marekani iliyoruka kutoka Japani kwenda Alaska tarehe 3 Septemba ilinasa chembe katika karatasi za kuchujia, na mnunurisho wake ukapimwa. Rais Truman aliutangazia ulimwengu tarehe 23.

Mwaka 1963, mataifa yalipotia sahihi huko Moscow mkataba wa kukataza majaribio ya angani, machweo yalikuwa yamegeuka rangi tena. Safari hii vumbi lilitoka mlima Agung, kisiwani Bali.