Ngozi na Mwenendo: Ndege wa Milima ya Juu ya Mudaka

Mudaka ni soko la kando ya barabara itokayo Bukavu kwenda Kavumu, katika teritwari ya Kabare, mashariki mwa Kongo. Mashariki yake kuna Ziwa Kivu, ambalo maji yake yako mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Magharibi nchi inapanda kupitia migomba na chai, kisha msitu, kisha mianzi, hadi kilele cha Kahuzi chenye mita 3,308. Kila daraja la mteremko huo lina ndege wake.

Juu ya soko huzunguka mwewe. Hushuka ghafla, hunyakua kipande cha utumbo kwa kucha bila kutua, kisha humega akiwa angali anaruka, mguu umeinuliwa hadi mdomoni. Ziwani mdiria mweusi kwa mweupe husimama hewani akipiga mabawa, kichwa kimetulia tuli, halafu hudondoka majini kama jiwe. Kwa ufundi huo huvua mbali na ufuo, pasipo na tawi wala mwamba wa kukalia.

Wenyeji wa ukanda huu waliwajua ndege kwa mwenendo wa namna hiyo muda mrefu kabla ya vitabu. Ng'ambo ya ziwa, huko Rwanda, inyamanza, ndege mdogo atikisaye mkia na kuzoea nyua za watu, alikuwa mwiko wa ukoo wa Abagesera, na aliheshimiwa kama mleta baraka kwenye kiwanja cha nyumba mpya.

Maarifa ya vitabuni yalikuja na bunduki, kisu na pamba. Ndege alipigwa, akachunwa, ngozi ikajazwa na kutumwa Ulaya. Mwaka 1908 Rudolf Grauer, mkusanyaji kutoka Austria, alipata katika milima ya magharibi mwa Ziwa Tanganyika ndege mdogo wa kijani. Mwaka uliofuata Walter Rothschild alimpa jina la Grauer na kumdhania mdaka-nzi. Ngozi haikuweza kumsahihisha. Ilibidi ndege wengine wa aina hiyo wapatikane na msafara wa Wamarekani Rockefeller na Murphy mwaka 1929, na Percy Lowe achunguze maungo ya ndani mwaka 1931, ndipo ikajulikana kwamba ni wa jamaa ya ndege wa mdomo mpana, ambao wengi wao wako Asia.

Msafara huohuo ulileta chozi mwenye kifua chekundu, ambaye mtaalamu wa ndege James Chapin alimpa jina la Rockefeller mwaka 1932. Hukaa juu ya mita 2,000 hivi, kwenye mianzi na vichaka vya baridi, wala hashuki bondeni. Kwa ndege kama huyu kilele cha mlima ni kisiwa, na mabonde yenye joto ni bahari. Ndiyo maana milima ya Bonde la Ufa la Albertine, kuanzia Rwenzori hadi milima ya Itombwe, ina aina 40 hivi za ndege wasioonekana kwingine duniani.

Chapin ndiye aliyekuwa na unyoya mmoja alioutoa kwenye kofia ya mwenyeji katika msitu wa Ituri mwaka 1913, akakaa nao miaka 23 bila kujua ni wa nani. Mwenyewe akampata mwaka 1936 katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji: ndege wawili waliojazwa, kibandiko kikisema ni tausi wachanga wa India. Huyo ndiye tausi wa Kongo. Kosa hilo lingemchekesha mwindaji yeyote wa Ituri. Katika miaka ya 1950 Chapin alirudi kufanya kazi Lwiro, si mbali na Mudaka, kwenye taasisi ya utafiti ya IRSAC iliyoundwa mwaka 1947.

Ngozi, hata hivyo, ilikuwa na siri zake. Wekundu wa bawa la shorobo, ndege wa misitu ya Kahuzi, ulichunguzwa na mkemia Arthur Church mwaka 1869, naye akakuta ndani yake shaba halisi. Lakini ni aliyeko msituni tu amwonaye shorobo akikimbia juu ya matawi kama kindi, kidole cha nje cha mguu kikigeuka mbele au nyuma kushika gome.

Mwaka 1951 mmoja wa wakusanyaji walioajiriwa na Alexandre Prigogine, mhandisi wa migodi, alimkuta bundi mdogo mwekundu huko Muusi, Itombwe. Henri Schouteden alimwita kwa jina la Prigogine mwaka 1952. Jina la aliyemshika halimo. Kwa miaka 45 ngozi hiyo moja ndiyo iliyokuwa karibu elimu yote ya hakika juu yake.

Hifadhi ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na Batwa waliokuwa wakiishi humo wakaondolewa, pamoja na macho yaliyouzoea msitu usiku na mchana. Mei 1996 bundi jike wa aina ile alinaswa kwa wavu Itombwe. Safari hii hakuchunwa: alipimwa, akapigwa picha, akaachiwa. Oktoba mwaka huohuo vita vilizuka Kivu ya Kusini.