Gari la kulalia

Gari la kulalia (pia gari la kambi au nyumba ya magurudumu) ni gari lililotengenezwa ndani ili watu waweze kulala, kupika na kuhifadhi vitu vyao wakiwa safarini. Mengine hutoka kiwandani yakiwa tayari. Mengine, ambayo ndiyo mada ya makala hii, ni magari kuukuu ya abiria au ya mizigo yanayogeuzwa na wenyewe kwa msaada wa mafundi wa kawaida: fundi bodi, seremala na fundi umeme wa magari.

Kazi hii huonekana kuwa ya useremala, lakini ubora wake hutegemea zaidi mambo matatu yasiyoonekana kwa haraka: kutu, uzito na hewa. Gari lenye kutu huendelea kuoza chini ya samani mpya. Gari lililozidi uzito hushindwa kusimama vizuri kwenye mteremko. Gari lisilopitisha hewa laweza kuwaua waliolala ndani. Mifano mingi hapa chini inatoka Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, hasa Bukoba na Muleba.

## Historia

Wazo la kusafiri na nyumba ni la zamani kuliko gari lenye injini. Mwaka 1885 daktari na mwandishi William Gordon Stables alitengenezewa nchini Uingereza gari la kukokotwa na farasi, lililoitwa The Wanderer, kwa ajili ya matembezi tu. Nchini Ujerumani kampuni ya Westfalia ilianza mwaka 1951 kutengeneza samani za kulalia na kupikia kwa ajili ya gari la Volkswagen linalojulikana Afrika Mashariki kama Kombi. Samani hizo ziliweza kutolewa, na gari likarudi kwenye kazi zake za kila siku.

Mjerumani Gunther Holtorf alizunguka dunia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2014 kwa gari moja la Mercedes-Benz 300GD, akipita zaidi ya kilomita 800,000 na kulala ndani yake juu ya godoro. Safari yake ilianzia barani Afrika.

Afrika Mashariki ina mafundi wenye ujuzi unaohitajika. Kwa miaka mingi wamejenga bodi za mabasi juu ya chesisi za malori. Katika karakana za Arusha, magari ya Toyota Land Cruiser hukatwa, hurefushwa na kuwekewa paa linalonyanyuka kwa ajili ya watalii. Kujenga gari la kulalia ni kutumia ujuzi huohuo kwa kazi ndogo zaidi.

## Kuchagua gari

Gari linalopatikana kwa urahisi Tanzania ni Toyota Hiace. Toleo lililoanza mwaka 2004, lenye bodi ya kawaida ya mizigo, lina nafasi ya nyuma yenye urefu wa takribani mita 3, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 1.3. Vipimo hivyo vinaamua mambo mawili. Kwanza, mtu mzima hawezi kulala kukata upana wa gari bila kukunja miguu, hivyo kitanda hufuata urefu wake. Pili, mtu hawezi kusimama ndani. Anayetaka kusimama hutafuta gari lenye paa la juu au basi dogo kama Toyota Coaster, ambalo hugharimu zaidi kwa mafuta na matengenezo.

Kabla ya kununua, gari hupandishwa juu au kukaguliwa shimoni. Sehemu za kuangalia ni chesisi, mahali springi zinaposhikiliwa, matao ya magurudumu, kingo za chini za milango na sakafu chini ya zulia. Bati hugongwa kwa kichwa cha bisibisi: bati zima hulia, lililooza hutoa sauti butu au kutoboka. Magari mengi yaliyotumika huja kutoka Japani, na yale yaliyotoka kwenye mikoa ya theluji ya nchi hiyo huweza kuwa na kutu iliyotokana na chumvi inayomwagwa barabarani. Gari lililobeba samaki kutoka kwenye mialo ya ziwa linahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu maji ya barafu iliyoyeyuka hupenya chini ya sakafu na kukaa huko.

Kutu ya juujuu hukwanguliwa na kupakwa rangi. Kutu iliyotoboa chesisi ni sababu ya kuliacha gari hilo. Kuijaza puti na kuipaka rangi kunaficha udhaifu bila kuuondoa.

## Uzito

Kila gari lina uzito wa juu ulioruhusiwa na mtengenezaji. Tofauti kati ya uzito huo na uzito wa gari tupu ndiyo mzigo linaloweza kubeba, na abiria wanahesabiwa humo. Hesabu hufanywa kabla ya kununua mbao. Mfano wa gari la watu wawili:

- Plaiwudi ya milimita 12, vipande 5 vya futi 8 kwa 4 (kilo 20 kila kimoja): kilo 100
- Mbao za fremu, skrubu na bolti: kilo 40
- Godoro: kilo 15
- Maji, madumu 3 ya lita 20: kilo 60
- Betri ya pili: kilo 30
- Paneli ya sola: kilo 8
- Mtungi mdogo wa gesi uliojaa na jiko: kilo 13
- Chakula na vyombo: kilo 30
- Nguo na mizigo mingine: kilo 40
- Watu wawili: kilo 140

Jumla ni kilo 476. Hiace ya mizigo iliyoandikiwa mzigo wa kilo 1,000 inabeba uzito huo bila shida. Gari dogo la familia haliwezi. Mzigo mzito, hasa maji na betri, huwekwa chini na karibu na katikati, na pande zote mbili huwa sawa. Mzigo mkubwa juu ya paa hulifanya gari liyumbe kwenye kona.

Jambo hili lina maana kubwa Kagera, ambako barabara hupanda na kushuka vilima vinavyofuatana na ufuko wa ziwa. Gari zito linaloshuka kwa breki peke yake hupasha breki moto hadi zikapoteza nguvu. Dereva hushuka kwa gia ndogo ili injini isaidie kulizuia gari.

## Hatua za ujenzi

1. Viti vya nyuma na zulia hutolewa. Sakafu huoshwa na kuachwa ikauke kabisa.
2. Kutu hukwanguliwa, bati hupakwa rangi ya kuzuia kutu, na matundu yote huzibwa. Gari humwagiwa maji kwa mpira na kukaguliwa ndani kama linavuja. Ujenzi hauendelei mpaka uvujaji uishe.
3. Nyaya za umeme hupitishwa ndani ya mabomba ya plastiki kabla ya kuta kufunikwa.
4. Tabaka la kupunguza joto na baridi hubandikwa kwenye paa na kuta. Sponji ya kawaida haifai, kwa kuwa hunyonya unyevu na kuushikilia kwenye bati.
5. Sakafu na kuta hufunikwa kwa plaiwudi. Mbao za paina na mikaratusi, miti inayopandwa kwa wingi Kagera, hufaa kwa fremu zikiwa zimekauka vizuri. Mbao mbichi hujipinda.
6. Kitanda na makabati hufungwa kwa bolti kwenye mwili wa gari. Kabati lililoegeshwa tu huruka mbele breki inapofungwa ghafla.

Kitanda hakipaswi kuziba njia ya kutokea. Gari linatakiwa kuwa na milango miwili inayofunguka kutoka ndani, na watakaolala humo wajaribu kuifungua gizani. Abiria hukaa kwenye viti halali wakifunga mikanda. Kitanda si mahali pa kukaa gari likiwa linatembea.

## Hewa na hatari ya kaboni monoksidi

Kaboni monoksidi ni gesi inayotokana na kuungua kusikokamilika kwa mkaa, kuni, petroli, dizeli au gesi ya kupikia. Haina rangi wala harufu. Huungana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili hukosa oksijeni ingawa mtu anaendelea kupumua. Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Aliyelala huweza kufa bila kuamka.

Kwa sababu hiyo jiko la mkaa haliingizwi ndani ya gari kwa kupikia wala kwa kuota moto, hata likionekana limezimika, kwa kuwa makaa yaliyofunikwa na majivu huendelea kutoa gesi hiyo. Kufungua dirisha kidogo si kinga ya kutosha. Injini au jenereta haiachwi ikiunguruma karibu na watu waliolala. Mahali salama pa kupikia ni nje, chini ya turubai lililo wazi pembeni. King'ora cha kaboni monoksidi huwekwa karibu na kitanda. Mwenye dalili hutolewa nje mara moja na kupelekwa hospitalini. Miongoni mwa hospitali za eneo hili ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, na Rubya, Ndolage na Kagondo wilayani Muleba.

Gesi ya mitungi ina hatari nyingine. Ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni ikisubiri cheche. Mtungi huwekwa kwenye kisanduku kilichozibwa upande wa ndani na chenye tundu chini linalotoa gesi nje ya gari. Maungio hukaguliwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.

Pumzi za watu wawili usiku mmoja huacha matone ya maji kwenye bati na vioo. Matundu mawili, moja chini na jingine juu, husaidia hewa kuzunguka. Yote hufunikwa kwa wavu wa mbu, kwani malaria bado ni tatizo katika eneo la ziwa. Wavu wa dirishani hauchukui nafasi ya chandarua chenye dawa. Utafiti uliofanyika wilayani Muleba na kuchapishwa mwaka 2018 katika jarida la The Lancet ulionyesha kuwa vyandarua vilivyoongezewa piperonili butoksidi vilikinga watoto dhidi ya malaria kuliko vya kawaida, mahali ambapo mbu walikuwa sugu kwa dawa ya piretroidi.

## Umeme

Betri ya kuwashia injini huachwa kwa kazi hiyo. Taa na feni hutumia betri ya pili. Matumizi ya siku huhesabiwa kwa kuzidisha wati na saa. Kwa mfano, feni ya wati 20 kwa saa 8 ni 160, taa za wati 10 kwa saa 4 ni 40, na simu mbili ni takribani 30. Jumla ni wati-saa 230.

Betri ya asidi ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini hudumu zaidi ikitumika nusu tu, yaani 600. Hiyo inatosha siku mbili na zaidi kidogo bila jua. Bukoba ni kati ya miji yenye mvua nyingi Tanzania, takribani milimita 2,000 kwa mwaka, hivyo siku za mawingu huwekwa kwenye hesabu. Fyuzi hufungwa karibu na betri, kwenye waya chanya, ili waya ukigusa bati usiwake moto.

## Sheria na mahali pa kuegesha

Magari Tanzania husajiliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na usalama wake husimamiwa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Mwenye gari anayetaka kukata paa, kubadili bodi, viti au rangi huuliza TRA na mkaguzi wa magari wa polisi kabla ya kuanza, ili kadi ya gari ilingane na gari lenyewe. Bima nayo huarifiwa, maana tofauti hiyo huweza kuleta mgogoro baada ya ajali.

Katika vijiji vya Wahaya, kibanja ni shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba ya mtu, na si mahali pa kuegesha bila ruhusa. Nyika ya majani iitwayo rweya huonekana wazi, lakini nayo ina wenyewe na wafugaji wake. Msafiri hujitambulisha kwa mwenye eneo na kwa uongozi wa kijiji au mtaa kabla ya usiku kuingia. Katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 na ambayo sehemu yake iko Muleba, kulala kunaruhusiwa kwenye kambi zilizotengwa tu, na watu na gari hulipiwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Maji machafu na choo cha gari havimwagwi humo. Maji ya ziwa huchemshwa kabla ya kunywewa, na kuoga ufukoni kuna hatari ya kichocho.

## Safari ya majaribio

Tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, limewezesha gari kutoka Mwanza kufika Kagera kupitia Geita bila kupanda kivuko. Kabla ya safari ndefu kama hiyo, gari jipya la kulalia hujaribiwa karibu. Usiku wa kwanza hulaliwa uani nyumbani. Kisha gari hujazwa maji, watu na mizigo yote, hupimwa kwenye mizani, na kuendeshwa njia fupi yenye vilima, kama Bukoba hadi Muleba na kurudi. Baada ya hapo bolti hukazwa upya, breki na matairi hukaguliwa, na kila kitu ambacho hakikutumika hushushwa.